Barua kwa mwanangu: hati ya majina mawili

Mwanangu,

Salamu zako tumezipata. Huku hatujambo, mguu wa baba yako umepungua kuuma, na uwele wa upande wa korongoni umeota vizuri. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza na kuurudia, nikaona jambo hili linataka kuandikwa, ulisome ukiwa umetulia, na ukipenda umsomee na mwenzio.

Umeniambia kiwanja cha Ihumwa umekinunua kwa mshahara wako. Mahari unatoa wewe, kodi ya nyumba mtakayoanzia utalipa wewe, halafu mchumba wako anataka hati ya kiwanja iandikwe majina mawili. Wenzako kazini wanasema huo ndio ufeministi, ukikubali umeshakaliwa. Mmoja wao ni wa hao wa "kataa ndoa", anakwambia mwanaume mwenye akili siku hizi haoi. Mchungaji naye kawafundisha kwenye semina ya wachumba kwamba mume ni kichwa. Ukamalizia kwa kuniuliza niko upande gani, na baba yako aliwezaje kuwa mwanaume ndani ya nyumba yenye mwanamke kama mimi.

Andika majina mawili. Hilo ndilo jibu langu, na sitaki ulifuate kwa sababu tu limetoka kwa mama yako.

Unajua mimi ni mjumbe wa baraza la ardhi la kijiji. Tuko saba, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka wanawake wasipungue watatu. Kazi yetu ni kusuluhisha, hatuhukumu mtu. Mwaka juzi alikuja mjane mmoja wa hapa hapa kijijini, shemeji zake wanataka nyumba na shamba la zabibu. Alikuja na risiti ya mabati, ameikunja ndani ya Biblia. Mabati yale aliyanunua mwenyewe kwa fedha ya alizeti, kila mtu pale alilijua hilo, hata shemeji mkubwa hakukana. Lakini muuza duka alipokuwa anaandika aliuliza jina la mwenye nyumba, na yule mama akataja la mumewe, kama ambavyo mke yeyote wa kwetu angetaja. Sasa shemeji akaishika ile risiti, akatusomea jina la marehemu kaka yake kwa sauti, herufi kwa herufi. Mama wa watu akabaki anaangalia kidole cha shemeji kinavyopita kwenye karatasi. Tulisuluhisha siku mbili. Nyumba alibaki nayo. Zabibu zilikwenda, pamoja na miche aliyoipanda na kuimwagilia kwa ndoo za kichwani.

Shemeji yule si mwizi. Alikuwa anafuata anachokijua. Kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963 kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba zinasema mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Miaka zaidi ya sitini imepita. Ile sheria ya 1999 imekuja na kusema mwanamke ana haki ya kupata ardhi, kuimiliki na kuitumia sawa na mwanaume. Tangu Machi 2021 Rais wa nchi ni mwanamke, na Ikulu ya Chamwino iko wilayani kwetu. Bado mjane wa kijijini anasomewa risiti.

Wenzako watakwambia sheria itamlinda mkeo hata bila jina. Hebu tuiangalie hiyo sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mali iliyoandikwa jina la mwanandoa mmoja itachukuliwa kuwa ni yake mpaka mwingine athibitishe vinginevyo, na iliyoandikwa majina ya wote wawili itachukuliwa kuwa wana sehemu sawa. Kwa hiyo ukiandika jina lako peke yako, siku ukiondoka duniani au mkigombana, mzigo wa kuthibitisha anaubeba yeye. Atatembea na risiti. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilisema kazi za nyumbani za mke zihesabiwe kuwa mchango katika kuchuma mali. Hukumu hiyo imewafaa wanawake wengi tangu hapo. Bi Hawa mwenyewe rufaa yake haikushinda, kwa sababu mahakama iliona mumewe alikwisha mpa fedha za biashara akazitapanya. Nakutajia na hilo la mwisho ili usidhani nakuonyesha upande mmoja. Mahakama inaangalia pande zote mbili, na mwanamke naye anaulizwa alichofanya.

Shangazi yako hatakubaliana na mimi, najua. Yeye anasema mwanamke akiandikwa kwenye hati anaota mabawa, na ana mfano wa kijana wa ukoo wetu aliyebaki na begi la nguo baada ya kujenga Dodoma mjini. Simpuuzi. Wanawake wa namna hiyo wapo, nimewaona barazani pia. Lakini kijana yule kilichomponza ni kuandika nyumba jina la mke peke yake, akikwepa deni la benki. Kukiwa na majina mawili hakuna anayeuza peke yake. Wewe hutauza bila yeye, na yeye hatauza bila wewe. Hata nyumba ya ndoa yenye jina moja sheria inakataza kuiuza au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzi, ila tunajua wanaofanya hivyo usiku usiku.

Sasa hili la mila, maana naona ndilo linalokukaa rohoni. Umesema ukishatoa ng'ombe, mke anakuwa wa kwako na mali ni ya kwako, ndivyo mila inavyotaka. Nani amekufundisha hivyo? Ng'ombe wa mahari kwa Wagogo hawendi kwa mtu mmoja. Wanachangwa na ndugu, na wakifika wanagawanywa kwa ndugu, mjomba wa binti naye ana fungu lake. Hiyo ni kuzifunga koo mbili zisiachane ovyo. Hakuna mtu anayenunuliwa kwa mchango wa ukoo mzima na bei yake ikagawanywa kwa ukoo mzima. Na kisheria ndoa ni halali hata mahari isipotolewa. Sisi tutaitoa, kwa heshima yote, kwa sababu ni kwetu na tunaipenda. Usiigeuze kuwa stakabadhi.

Na hao wanaokuambia Uafrika ni mwanamke kukaa kimya nyuma, waulize kama wamewahi kuja Ugogoni kwenye ngoma. Ngoma ya muheme hapa wanapiga wanawake. Bibi yako alikuwa akiubana mguuni, akipiga, na wanaume wazima wanacheza kwa kumfuata yeye. Hakuna aliyeona uanaume wake umepungua.

Lakini pia sitakupamba mila zetu. Bibi yako huyo huyo kiangazi alikuwa anapiga magoti kwenye mchanga wa mto mkavu, anachimba mpaka mkono unazama begani, anasubiri maji yajikusanye, anateka kata moja moja mpaka ndoo ijae. Akirudi anasaga uwele kwenye jiwe, anachuma mlenda, anapika. Babu yako wakati huo yuko kivulini, na si kwa uvivu, alikuwa amerudi machungani. Ila alikuwa na pa kurudi na kupumzika, bibi hakuwa napo. Mwalimu Nyerere aliliona jambo hili. Mwaka 1967, alipoandika kuhusu ujamaa vijijini, alikiri kwamba wanawake wa Afrika walifanya, na bado wanafanya, kazi kuliko fungu lao la haki, shambani na nyumbani. Aliyeandika hayo ni mwanaume, Mwafrika, mtoto wa chifu wa Kizanaki. Na mwaka 1995 ulipofanyika ule mkutano wa wanawake wa Beijing, wanaume wa hapa wakaanza kusema "hayo ya Beijing waachieni wazungu", katibu mkuu wa mkutano wenyewe alikuwa Gertrude Mongella, Mtanzania, mzaliwa wa Ukerewe. Madai haya yamekuwa ya kwetu muda mrefu. Bibi Titi Mohamed alikuwa akiwakusanya wanawake ndani ya TANU tangu 1955.

Rafiki yako wa "kataa ndoa" usimcheke wala usimtukane. Nimewasikiliza vijana wa aina hiyo, hata hapa kijiweni kwa bodaboda wapo. Wengi wameumizwa. Kijana anapendwa akiwa na fedha, anaachwa zikiisha, kisha anaambiwa asilie kwa sababu ni mwanaume. Mahari anatajiwa kama anauziwa gari. Maumivu yake ni ya kweli. Ninachokataa ni dawa aliyoichagua, ya kuwachukia wanawake wote na kuwafundisha wadogo zake wawachukie. Kinachomtesa ni fundisho kwamba thamani ya mwanaume ni alichonacho mfukoni, na fundisho hilo hata yeye analishikilia.

Hapo ndipo nifike kwa baba yako, na amenikubalia nikuandikie. Ulikuwa darasa la tatu mvua zilipokata na ng'ombe wakaanza kufa mmoja mmoja. Baba yako aliacha kula na sisi. Akiamka anakwenda kukaa nje ya zizi, akirudi haongei. Alikuwa amefundishwa tangu mtoto kwamba mwanaume ni mifugo yake, na mifugo ilipokwisha hakujua yeye ni nani. Mimi nikachukua mkopo wa kikundi, nikawa nafuata mahindi Kibaigwa na kuyauza huku. Chakula cha nyumba kikawa kinatoka kwangu. Kilabuni wakasema nimemlisha limbwata, wengine wakamwita marioo, mtu mzima na watoto wake. Siku moja nashuka kwenye gari barabarani na magunia, nikamkuta amesimama na baiskeli. Mchana kweupe, mbele ya wale wale waliokuwa wanamsema. Akafunga gunia la kwanza kwenye kariya, akanyanyua la pili, akasema, "Twende, watoto hawajala." Umeniuliza aliwezaje kuwa mwanaume kwenye nyumba yangu. Mimi uanaume wake niliuona siku ile kuliko siku alizokuwa na zizi limejaa. Na hati yetu ya kimila ya shamba ina majina mawili. Aliyesema iwe hivyo mbele ya halmashauri ya kijiji ni yeye.

Ukimuuliza leo atakwambia yeye ni kichwa cha nyumba. Simbishii. Mchungaji amesoma sawa, Waefeso sura ya tano inasema mume ni kichwa. Sura hiyo hiyo, kabla ya hapo, inawaambia watu wanyenyekeane, na baada ya hapo inamwambia mume ampende mkewe kama Kristo alivyolipenda Kanisa akajitoa kwa ajili yake. Mwombe mchungaji awafundishe na hiyo mistari mingine. Kuna akina mama wenzangu kanisani wanaoamini mume aamue na mke atii, wanaishi hivyo kwa furaha, na waume zao hawajawahi kuwainulia mkono. Siwaonei huruma. Lakini Sheria ya Ndoa inasema wazi hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpiga mwenzake, na kichwa kinachohitaji fimbo ili kitiiwe, mimi sikitambui.

Umelalamika pia kwamba binti anasema haki sawa ila kodi ulipe wewe. Hapo una haki ya kuuliza, na niko tayari kumwambia mwenyewe. Sheria inampa mume wajibu wa kumtunza mkewe, na mila inasema hivyo hivyo. Lakini yeye ni mwalimu, ana mshahara, na kama anataka nyumba ya majina mawili basi jasho nalo liwe la wawili. Kaeni mpange. Ila mkianza kugawana nusu kwa nusu, mgawane vyote. Nani anaamka saa kumi na moja kupika chai? Nani anakesha na mtoto mwenye homa? Nani anaomba ruhusa kazini mtoto akiugua? Mimba ataibeba yeye peke yake, hiyo huwezi kumpokea. Ukiandika hayo yote kwenye karatasi moja na kodi, utaona kodi si kitu kikubwa kama unavyodhani, na yeye ataona kwamba wewe nawe una mzigo.

Mjomba wako anauliza kama ng'ombe wapelekwe kabla ya mavuno au baada. Yeye anataka baada, njia ya kwao na binti ikishakauka, maana lori halipiti kwenye tope. Nijibu mapema ili tukodi. Na hati usiende kuisaini mpaka mwenzio apate ruhusa shuleni, muende pamoja na vitambulisho vyenu vya NIDA.

Mama yako