Dashibodi ya Datsun imepasuka: usiifunike, ing'oe

SWALI: Salaam, Mama. Marehemu baba mkubwa ametuachia Datsun 240Z, ya usukani wa kulia, iliyosimama chini ya mwembe miaka mingi. Injini tumeiwasha na inanguruma vizuri. Shida ni dashibodi. Juu imepasukapasuka, na ufa mmoja umeshuka hadi kwenye kofia ya spidomita, sponji ya manjano inaonekana. Fundi wa viti hapa anasema atavuta reksini juu yake bila kuing'oa, kazi ya siku moja. Kaka yangu anataka tuagize kifuniko cha plastiki kutoka Marekani. Nimsikilize nani? Msomaji, Bombo.

JIBU: Poleni na msiba, mwanangu. Usimsikilize hata mmoja wao. Nakujibu kwa urefu kwa sababu gari mlilorithi si la kufanyiwa kazi ya siku moja. Datsun 240Z, yenye silinda sita na injini ya lita 2.4, ndiyo iliyompa Edgar Herrmann ushindi wa mbio za magari za East African Safari mwaka 1971. Mwaka 1973 ikampa Shekhar Mehta, aliyezaliwa hapa hapa Uganda. Zilizobaki katika nchi yetu ni chache, na yenye dashibodi yake ya asili ni mali. Hata ikiwa na nyufa, usikubali mtu aitupe wala aikate.

Kwanza ujue kwa nini imepasuka. Ina tabaka tatu: fremu ya chuma, juu yake sponji ya yurethani, halafu ngozi ya vinili. Vinili hukaa laini kwa sababu ya mafuta yaliyochanganywa nayo kiwandani, na joto la jua huyafukuza taratibu. Ule utando wa kunata ulio upande wa ndani wa kioo cha mbele, ambao ukiufuta kwa kitambaa unazidi kusambaa, sehemu kubwa yake ni hayo mafuta. Yakipungua, ngozi husinyaa. Chuma cha chini hakisinyai, kwa hiyo ngozi huachia pale inapovutwa zaidi: kwenye pembe za matundu ya hewa na kwenye mikunjo ya kofia za geji. Pitisha kidole kwenye ufa wako utasikia kingo zake zimeinuka na kuwa ngumu. Reksini ikivutwa juu ya kingo hizo itapendeza siku ya kulipa, lakini likija joto kila ufa utajichora upya juu yake.

Kifuniko cha Marekani nacho kina ubaya wa wazi kabisa. Vingi vinavyouzwa huko vimetengenezwa kwa magari ya usukani wa kushoto. Kofia za geji zitakuwa mbele ya abiria wako.

Lakini sababu yangu kubwa iko nyuma ya dashibodi. Mimi ni fundi wa umeme wa magari, na nikiona dashibodi ya umri huo nawaza nyaya kabla sijawaza ngozi. Kwenye 240Z, umeme wote wa taa kubwa hupita ndani ya swichi iliyo kwenye nguzo ya usukani, hakuna rilei (swichi ndogo inayowashwa kwa umeme) ya kuipunguzia mzigo. Geji ya ampea, ile inayoonyesha betri inavyochajiwa, nayo hupitisha umeme mzito wa kuchaji. Baada ya miaka hamsini, soketi za plastiki zilizopitisha mzigo huo huwa zimegeuka rangi ya kahawia, na ukizibonyeza zinavunjika vipande. Ongeza panya, kwa maana gari lililosimama chini ya mwembe halikosi panya. Ukiifunika dashibodi leo, unazifungia nyaya hizo humo ndani na kuendesha juu yake usiku.

Basi ing'oe. Anza na betri: toa waya wa hasi, uufunge kitambaa. Usilifanye hili mwishoni, kwa sababu waya mnene wa geji ya ampea una umeme hata funguo ikiwa mfukoni mwako. Kisha toa kiti cha dereva, maana utalala chali sakafuni sehemu kubwa ya kazi hii na mgongo wako utakushukuru. Ondoa redio, kasha la katikati, droo ya upande wa abiria na paneli ya hita. Mkono ukishaweza kuingia, fungua kebo ya spidomita kwa nyuma, halafu toa geji moja moja.

Kila soketi unayoichomoa, ipige picha kwa simu kabla hujaigusa, kisha ifunge utepe ulioandikwa namba, na namba hiyo hiyo iandike nyuma ya geji. Usitegemee rangi peke yake. Rangi za zamani hufifia, nyekundu ikafanana na kahawia.

Skrubu za Mjapani zina nyota yake. Bisibisi ya kawaida ya nyota huteleza na kula kichwa, hasa kwenye skrubu zilizoshika kutu. Tafuta ya Kijapani kwa wauza spana wa soko la Kisekka, Kampala, ukiikosa saga ncha ya ile uliyonayo mpaka ikae barabara. Usukani na nguzo yake vishushwe ili dashibodi ipate njia. Skrubu za kushikilia zipo juu karibu na kioo, pembeni kila upande, na katikati kwa chini. Zile za karibu na kioo zitakuchosha. Tumia bisibisi fupi, na usitie nguvu kwa kuegemea kioo.

Kuitoa ni kazi ya watu wawili, kila mmoja mlango wake. Shikeni fremu ya chuma, ivuteni kuelekea kwenu kwa usawa. Asiwepo wa kuishika kofia ya geji, itamvunjikia mkononi kama mkate mkavu.

Ikiwa nje mezani, shughulikia nyaya kwanza. Soketi zilizoungua badilisha, nyaya zilizoliwa na panya ziunganishe kwa risasi ya kulehemu na uzivalishe mpira, usizisokote na kuzungusha utepe tu. Weka rilei mbili za taa kubwa, moja ya mwanga wa chini na moja ya mwanga wa juu, kila moja na fyuzi yake. Swichi ya zamani itabaki kuamrisha rilei tu, na taa zako zitang'aa kuliko ulivyozoea.

Sasa ngozi. Ioshe kwa maji ya sabuni, kisha uifute kwa spiriti mara kadhaa hadi kitambaa kitoke safi. Kama marehemu alikuwa akiipaka mafuta ya kung'arisha yenye silikoni, hakuna gundi wala rangi itakayoshika mpaka yatoke yote. Kata kingo zilizoinuka kwa kisu kikali ili kila ufa uwe mfereji wenye mdomo mpana, toa sponji iliyokuwa unga, piga brashi ya waya kwenye chuma chenye kutu na ukipake rangi ya kuzuia kutu. Jaza kwa kijazio cha yurethani kinachonyumbuka. Mafundi wa bodi watakuletea ile fila yao ya kuziba mabonde ya milango. Ikatae. Ni ngumu mno, na dashibodi ikipata joto itapasuka pembeni mwa fila ile ile. Sugua kwa msasa namba 80, maliza kwa 320.

Hapo ndipo fundi wako wa viti anapopata kazi yake, na tafadhali mpe kwa heshima, kwani ana mikono ambayo mimi sina. Mwambie atumie vinili inayovutika pande zote na gundi inayostahimili joto, si ile ya viatu. Mahali pa kumpima ni pale kofia ya geji inapokutana na uso wa dashibodi, palipobonyea kwa ndani. Vinili hupenda kuruka hapo ikaacha hewa chini yake, na jua likipiga hutuna. Aipashe moto taratibu, aibonyeze kwa vidole, halafu aikandamize kwa kifuko cha mchanga mpaka gundi ishike. Akikwambia akate kofia na kuzishona pembeni, kubali mshono, kataa kukata kofia.

SWALI: Nina Triumph Spitfire ya 1972. Nimeitoa dashibodi nikaipaka rangi upya mbele na nyuma, nikairudisha. Sasa geji ya petroli na ya joto zote zinapanda mno, hata tangi likiwa nusu. Nimenunua vipimio vipya vya tangi na injini bure? Msomaji, Mbale.

JIBU: Bure, ndugu yangu. Geji mbili hazipatwi na ugonjwa mmoja kwa wakati mmoja ila zinakula chungu kimoja. Nyuma ya dashibodi kuna kidude kidogo cha bati, kidhibiti volti, kinachozilisha geji zote mbili volti 10 badala ya 12 za betri. Hufanya kazi kikiwa kimegusana na bodi ya gari. Huenda rangi yako mpya imeingia kati yake na chuma. Kwangua rangi mahali kinapofungwa, au kifungie waya wake wa kwenda kwenye bodi, kisha uwashe. Zikishuka zote mbili, umemaliza. Ingekuwa imepanda moja tu, hapo ndipo ungeshuku kipimio.

SWALI: Mama, yapi mafuta mazuri ya kung'arisha dashibodi? Msomaji, Arua.

JIBU: Hakuna ninayoyapendekeza. Kitambaa chenye maji na tone la sabuni kinatosha kwa vumbi, na unapoegesha juani weka kadibodi nyuma ya kioo cha mbele, upana wote wa kioo, siyo upande wa dereva tu.