Kupe wa farasi na dawa ya josho la ng'ombe

Ndugu, nimekuelewa: farasi wako anachungwa pamoja na ng'ombe, kupe wamemjaa masikioni na chini ya mkia, nawe unauliza kama waweza kumpulizia dawa ileile ya josho. Ikiwa lebo ya chupa inataja amitrazi, usithubutu, kwa kuwa dawa hiyo, ambayo ng'ombe huivumilia vizuri, huweza kuyasimamisha matumbo ya farasi hadi kinyesi kikakwama na mnyama akafa. Mwombe daktari wa mifugo dawa ya jamii ya pairethroidi iliyoidhinishwa kwa farasi, uichanganye kwa kipimo kilichoandikwa, na usoni umpake kwa kitambaa badala ya kumpulizia. Bomba lililowahi kubeba amitrazi litengwe kabisa. Langu nimelitia rangi nyekundu, maana vijana wa zizini husahau.

Kila jioni mpapase kwa vidole masikioni, kwenye mashina ya singa na kinenani, na kupe utakayemwona umbane kwa kibano karibu na ngozi, umvute polepole, bila kumpaka mafuta ya taa. Farasi akishikwa na homa, akakataa chakula au ufizi wake ukageuka manjano, mwite daktari siku hiyohiyo, kwani huenda ameambukizwa babesia, kimelea cha damu kinachoenezwa na kupe, na sindano ya kukitibu si ya kukisia.