Kabla ya kifaa, mguu ukaguliwe

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mtu ambaye wayo wake haunyanyuki tena, avae kifaa cha kushikilia kifundo au auache mguu ujizoeze wenyewe? Swali limenigusa penyewe, maana mguu huo ninao. Jibu langu la haraka ni avae. Wayo ukining'inia, vidole hukwaruza sakafu, goti hulazimika kupandishwa juu kila hatua, na pindo la zulia tu linatosha kukuangusha kifudifudi. Kuanguka si mazoezi.

Lakini mmeulizia mguu usionyanyuka, mkaunyamazia mguu usiohisi, na mara nyingi mambo hayo mawili huandamana. Kwangu ganzi ndiyo iliyotangulia. Kisukari kilianzia vidoleni, ganzi ikapanda miguu yote miwili, kisha mshipa wa fahamu wa mguu wa kulia ukabanwa upande wa nje, chini kidogo ya goti, pale unapozunguka mfupa ukiwa karibu kabisa na ngozi. Hata kukaa muda mrefu umekunja nne kunaweza kuuumiza hapo.

Siku ya kupimwa nililazwa chali, nikaambiwa nifumbe macho na niseme "ndiyo" kila nitakapoguswa. Mpimaji alishika uzi wa nailoni uliochomekwa kwenye kijiti, ule unaojipinda ukikandamizwa kwa nguvu ya gramu 10. Nikasubiri. Kimya. Nikadhani bado anapanga karatasi zake. Nikasikia kalamu ikiandika, kimya tena, kisha kalamu. Nikauliza, "Tunaanza lini, daktari?" Dada yangu, aliyekaa pembeni, ndiye aliyenijibu: "Mguu mmoja ameshaumaliza." Nikafumbua macho, nikaomba arudie nikitazama. Uzi ukagusa chini ya kidole gumba, ukajipinda, ukaacha kialama kwenye ngozi. Macho yanaona, mguu hauna habari. Akahamia katikati ya wayo, kisha upande wa kidole kidogo: hivyo hivyo. Aliponigusa juu ya kifundo ndipo nikasema "ndiyo", na dada akashusha pumzi.

Daktari Paul Brand, aliyetibu wagonjwa wa ukoma kule Vellore, India, alionyesha kwamba vidonda vyao vingi vilitokana na kukosa maumivu: mguu usiohisi huendelea kukanyagia pale pale hadi ngozi ipasuke. Sasa fikirieni kifaa chenyewe. Ni plastiki ngumu, inabana kifundo, ukingo wa wayo na shavu la mguu. Mwenye hisia atakivua mara kinapomuuma. Mimi naweza kushinda nacho kutwa nzima huku kikinichimba.

Ndiyo maana kila nikivua natazama, wayo nautazama kwa kioo. Wekundu usipofifia ndani ya nusu saa, kifaa hakirudi mguuni hadi aliyekitengeneza akirekebishe. Mkono hutangulia ndani ya kiatu kabla ya mguu, na maji ya kuoga hupimwa kwa kiwiko.

Kwa hiyo lile "avae" nililoanza nalo nalipunguza. Mwenye hisia zake avae, na mapema. Mwenye ganzi asipewe kabla hajafundishwa kuukagua mguu, yeye au mtu wa nyumbani kama macho yake ni dhaifu. Mimi mwenyewe nakivaa, na ngazi sipandi bila hicho; pia nakiri kwamba kumzuilia kifaa mtu anayeanguka kila mara ni hatari nyingine, hivyo mafunzo hayo yafanyike siku ile ile ya kupimwa. Mazoezi yasiachwe, ila hayaharakishi mshipa: ulioharibika hukua kama milimita 1 kwa siku, basi sentimita 30 ni karibu mwaka.

Na yeyote ambaye miguu imelegea ghafla, akafa ganzi sehemu za siri au mkojo ukakataa kutoka, asisubiri kifaa wala mazoezi. Huyo akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo, uti wa mgongo ukaangaliwe.