Sanduku la Maswali: Ibada na misheni ugonjwa wa mlipuko unapobisha hodi

SWALI: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa hapa Dar es Salaam. Baraza la wazee limeteua kamati ya watu saba iandike mwongozo wa usharika wakati wa ugonjwa wa mlipuko, ili tusishtukizwe tena kama mwaka 2020. Vikao vitatu vimepita na hatujaandika hata ukurasa mmoja. Nusu ya wajumbe wanataka kanisa lifungwe mara tu serikali itakapotangaza ugonjwa. Nusu nyingine wameshika Waebrania 10:25 na kusema kwamba kuacha kukusanyika ni kuikana imani. Tufanyeje?
Mzee wa kanisa, Tabata (jina limehifadhiwa)

JIBU: Amina, mzee wangu. Kamati yenu imekwama kwa sababu imeanza na mlango, na mlango hauna zaidi ya hali mbili: ama umefungwa ama uko wazi. Kusanyiko la Jumapili ni mambo mengi yanayofanyika kwa pamoja, yaani kuketi, kuimba, kupeana mikono, kushiriki Meza ya Bwana, kutoa sadaka, kunadi mazao yaliyotolewa sadaka na kunywa chai ya kwaya, na kila jambo kati ya hayo lina hatari yake, kubwa au ndogo, kulingana na ugonjwa uliopo. Mkiyatenganisha, mtashangaa jinsi ubishi utakavyopungua.

Kabla ya hapo, niwakumbushe wale wanaosema tungoje serikali itangaze. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, na siku iliyofuata shule zikaanza kufungwa. Makanisa na misikiti haikufungwa. Kinyume chake, tarehe 17 hadi 19 Aprili zilitengwa kuwa siku tatu za maombi ya kitaifa. Takwimu za mwisho tulizosomewa mwaka ule, mapema mwezi Mei, zilikuwa wagonjwa 509 na vifo 21, na baada ya hapo kila usharika ulibaki na macho yake na masikio yake. Baadhi ya maaskofu walisitisha ibada za hadhara katika dayosisi zao kwa muda. Wengi waliendelea, ndoo ikiwa mlangoni. Kwa hiyo mara ile uamuzi wa namna ya kukusanyika uliachwa mikononi mwetu, na hakuna anayeweza kuwaahidi kwamba hautaachwa tena. Mwongozo wenu ni wa siku hiyo hasa.

Kuhusu Waebrania, wasomeeni wenzenu mstari mzima. Mwandishi anawaonya watu waliofanya kutokukusanyika kuwa desturi, wala hamzungumzii aliyebaki nyumbani kwa sababu ana homa na hataki kumwambukiza bibi aliyeketi mbele yake. Kisha fungueni Hesabu 12:15. Miriamu alipopata ukoma alikaa nje ya kambi siku saba, na taifa zima halikusafiri mpaka aliporudishwa ndani. Katika mabishano yote ya mwaka 2020 sikumsikia mtu akiutaja mstari huo, nao unatuonyesha jambo tulilolihitaji sana: mgonjwa akitengwa kwa muda, kusanyiko linamngoja.

Sasa kazi yenyewe. Swali la kwanza ambalo mwongozo uwalazimishe viongozi kulijibu ni hili: ugonjwa huu unapita njia gani? Kipindupindu hupita kwenye maji na chakula, kwa hiyo wakati wa kipindupindu kwaya iimbe hata kwa muda wa saa tatu, lakini chakula cha pamoja, chai na juisi za mnadani vikome, na maji ya kisima cha kanisa yatiwe dawa. Marburg, iliyotangazwa mkoani Kagera mwezi Machi mwaka 2023 na kuua watu 6 kati ya 9 waliougua, hupita kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au maiti; hapo kinachopaswa kubadilika mapema kuliko ibada ya Jumapili ni namna tunavyowatembelea wagonjwa, tunavyoosha maiti na tunavyoaga. Korona ilipita kwenye hewa tunayopumua, na hili tulilielewa kwa kuchelewa, tukanawa mikono kwa bidii kubwa na kufunga madirisha ili mvua ya masika isiingie.

Nitawasimulia niliyoyaona kwa macho yangu katika usharika niliokuwa nikihudumu. Mlangoni tuliweka ndoo mbili za koki, moja ikivuja, na sabuni ya kipande iliyofungwa kwenye soksi ya nailoni ikaning'inizwa kwa kamba. Ndani, mabenchi yalipigwa alama za chaki, watu watatu pale walipokuwa wakikaa sita, na mzee mmoja alisimama katikati kama kondakta wa wakati ule wa level siti, daladala zilipobeba abiria waliokaa tu, akihesabu vichwa. Tulijisikia tumefanya kazi nzuri. Lakini foleni ya kunawa ilikuwa imebanana kuliko benchi lolote la ndani, na ibada ilipokwisha tukatoka nje kwenye mnada, ambako watu wale wale tuliowatenganisha kwa chaki walizunguka mkungu mmoja wa ndizi bukoba bega kwa bega, barakoa zikiwa kidevuni ili sauti ya kupandisha bei isikike. Mkungu ulipanda hadi bei ambayo sijaiona tena. Na mapangaboi ndani ya kanisa yalikuwa yakizungusha hewa ile ile.

Kwa ugonjwa wa hewa, basi, jambo la kwanza ni madirisha, na la pili ni muda. Ibada inayochukua saa tatu igawanywe iwe mbili za saa moja na robo, na kati yake milango yote iachwe wazi. Kama uwanja upo, turubai au kivuli cha mwembe ni bora kuliko jengo zuri lenye kiyoyozi. Matangazo, ambayo hapa kwetu hula nusu saa nzima, yabandikwe ubaoni na yatumwe kwenye simu. Hata ugonjwa usipokuja, nadhani waumini watawashukuru.

La tatu ni kwaya, na hapa najua nitagusa kidonda. Tarehe 10 Machi 2020, katika mji mdogo wa Mount Vernon, jimbo la Washington nchini Marekani, waimbaji 61 walikutana kwa mazoezi ya saa mbili na nusu. Mmoja wao alikuwa na dalili zilizofanana na mafua. Waliougua baadaye, pamoja naye, walikuwa 53, na wawili walifariki. Walikuwa wamejihadhari kwa namna walizozijua wakati ule, lakini anayeimba hutoa pumzi kwa nguvu na kuivuta kwa kina, na chumba kilikuwa kimoja. Fikirini sasa vyumba vyetu vya mazoezi, vile vilivyo nyuma ya madhabahu, vyenye dirisha moja lililozibwa na spika, ambamo watu arobaini hukaa tangu saa kumi na moja jioni hadi saa mbili usiku, Jumatano na Jumamosi. Mwongozo ukiandika jambo moja tu kuhusu kwaya, uandike kwamba mazoezi yatafanyika nje au hayatafanyika, na kwamba Jumapili wataimba wachache kwa zamu. Mazoezi yanatisha kuliko ibada, ingawa macho yetu yote huwa kwenye ibada.

Meza ya Bwana haina haja ya ubishi mrefu: vikombe vidogo vipo, na mchungaji anawe kabla ya kugusa mkate.

Jambo la mwisho kwa kamati yenu ni jumuiya. Kusanyiko la nyumba kumi au kumi na tano, linalokutana alfajiri uani kwa mama fulani, ndilo lililotubeba mwaka 2020 na 2021, kwa sababu watu ni wachache, wako nje, na wanajuana kiasi cha kugundua nani hajaonekana. Andikeni majina ya viongozi wa jumuiya na namba zao za simu sasa, pamoja na orodha ya wazee wanaoishi peke yao, wajane, na wale wanaotumia dawa za kisukari na shinikizo la damu. Orodha hiyo mkianza kuitafuta siku ugonjwa unapotangazwa, mmekwisha kuchelewa.

SWALI: Shikamoo, Mchungaji. Mimi ni katibu wa kamati ya misheni na uinjilisti katika usharika wetu. Kila mwezi wa Agosti tulikuwa tunapeleka timu ya watu thelathini upande wa Rufiji kwa mikutano ya Injili ya siku saba. Mwaka 2020 tuliahirisha, na fedha zilizokwisha kuchangwa baadaye zikanunua vyombo vya muziki. Manung'uniko hayajaisha hadi leo. Je, tungepaswa kwenda? Na ikitokea tena, fedha zifanye nini?
Katibu, Mbagala

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na vyombo vya muziki, kwa sababu ni rahisi. Mtu aliyeandika "misheni" juu ya bahasha yake alitoa kwa ajili ya misheni, na hakuna kikao chenye mamlaka ya kubadilisha maandishi hayo bila kurudi kwake. Pelekeni jambo hili kwenye mkutano mkuu wa usharika, someni kiasi kilichochangwa na kilichotumika, na mpange kukirudisha kidogo kidogo. Manung'uniko ya miaka yote hii hayawezi kunyamazishwa na kinanda.

Kuhusu kwenda, mlifanya vema kuahirisha, hata kama sababu iliyoandikwa kwenye muhtasari wenu ilikuwa nyingine. Dar es Salaam ndiyo yenye uwanja wa ndege, bandari na vituo vya mabasi ya mikoa yote. Ugonjwa unaotoka nje unaweza kuingia hapa mapema, kisha ukapanda basi. Watu thelathini wanaokaa kwenye basi moja kutoka Mbagala hadi ng'ambo ya Daraja la Mkapa, wanaolala darasani kwa wiki nzima na kuwaalika wanakijiji wasogee karibu na jukwaa, wanaweza kuacha nyuma kitu ambacho zahanati ya kijiji haina uwezo wa kukishughulikia. Habari njema haipaswi kufika ikiwa imebebana na mzigo huo.

Lakini kuahirisha safari hakukuwa sababu ya kuahirisha misheni, na hapo ndipo ninapowalaumu. Kule mnakokwenda kila Agosti yupo mwinjilisti. Yeye hakuahirishwa. Aliendelea kukaa na watu wake, kuzika na kutembelea, wakati sadaka za mtaa wake, yaani kanisa dogo lililo chini ya usharika, ambazo hata siku za kawaida ni sarafu na mayai, zilipungua kwa sababu biashara zilidorora. Kama fedha zile za basi, jukwaa, vipaza sauti na jenereta zingepelekwa kwake kama posho ya miezi kadhaa, pamoja na vocha za simu na fedha ya mafuta ya pikipiki, mngekuwa mmefanya misheni kubwa kuliko mikutano mitatu ya hadhara. Ikitokea tena, anzeni na yeye. Mpigieni, mwulizeni anahitaji nini, na msimtumie mnachodhani anahitaji.

Baada yake ni majirani wa kanisa. Vikundi vya akina mama katika sharika zetu vilishona barakoa za vitenge mwaka ule. Ndoo za koki, sabuni na barakoa zinaweza kusafiri kwenye lori bila watu thelathini. Zipelekwe zahanati, shuleni na msikitini pia, maana upande ule wa Pwani wengi wa majirani zetu ni Waislamu, na sabuni isifungwe pamoja na kipeperushi cha mahubiri. Ninajua wapo watakaosema hiyo si misheni bali ni ustawi wa jamii. Mimi nimeona mitaa inayopokelewa vizuri hadi leo kwa sababu ya ndoo moja, na nimeona mitaa iliyofungiwa milango kwa sababu ya chambo.

Mwaka 1527 tauni ilipoingia Wittenberg, chuo kikuu kilihamishiwa Jena, lakini Martin Luther alibaki. Mchungaji Johann Hess wa Breslau alikuwa amemwuliza kama Mkristo anaruhusiwa kukimbia, na jibu lake kwa ufupi lilikuwa kwamba atafukiza nyumba, atatumia dawa, ataepuka mahali na watu ambao hawamhitaji, asije akawaambukiza wengine kwa uzembe wake. Ila jirani akimhitaji, ataenda. Wekeni maneno "wasiomhitaji" na "anayemhitaji" mbele ya kamati yenu kila mnapopanga safari. Mkutano wa hadhara wakati wa tauni hauhitajiwi na mtu. Mwinjilisti mwenye homa, mwenye watoto wanne na asiye na wa kumpeleka hospitali, anahitaji mtu, na huyo mtu mmoja aende.

SWALI: Mchungaji, nina miaka 71 na tangu korona nasikiliza ibada kwenye Upendo FM nikiwa nyumbani. Miguu inauma na kivuko kina msongamano. Sadaka natuma kwa simu. Wanangu wananiambia nimeacha kanisa. Ni kweli?
Bibi, Kigamboni

JIBU: Shikamoo, Mama. Hujaacha. Lakini redio haiwezi kukuletea Meza ya Bwana wala kukuuliza goti linaendeleaje, na kwa mambo hayo mawili usharika wako una deni kwako. Mpigie mzee wa kanisa wa mtaa wako, mwambie unataka ushirika mtakatifu nyumbani mara moja kwa mwezi, na kwamba jumuiya ikutane uani kwako angalau wiki moja kati ya nne. Hao wanao wanaolalamika ndio walete mabenchi.