Kazi ya kuenkodi ikikwama, usikimbilie kuiua

Wewe uliyeanza juzi kusimamia mashine za kuenkodi video, yaani kuzibana ziwe katika muundo unaotakiwa, presha yake naijua. Video imekatwa vipande vipande ili mashine zigawane kazi; 199 vimekamilika, kimoja hakisogei, na wenye video wanapiga simu. Unatamani kuiua prosesi, yaani programu inayoendesha kazi hiyo, na kuanza upya. Usiiguse kwanza. Ukiiua bila kujua inasubiri nini, kesho itakwama palepale.

Hakikisha imekwama kweli. Soma namba ya fremu (picha moja moja za video) zilizokwisha kuenkodiwa, ngoja dakika moja, soma tena. Ikiwa imeongezeka hata kwa tatu tu, iache. Picha za mvua au moshi huelemea enkoda, programu inayoenkodi, na kipande kimoja kinaweza kuchukua muda mrefu kuliko wenzake.

Namba haijabadilika? Ingia kwenye mashine yenyewe, piga ps, amri inayoorodhesha prosesi, uangalie safu ya STAT inayoonyesha hali ya kila moja. Ukikuta D, prosesi inasubiri diski au hifadhi ya mtandao, na mara nyingi hata kill -9, amri ya kuua prosesi kwa nguvu, haifui dafu mpaka hifadhi ijibu. Achana na enkoda, kaangalie hifadhi. Ukikuta S, imelala ikingoja kitu, na hapo ndipo wengi tunapopotea.

Mimi S ilinila karibu siku mbili. Video fupi zilipita vizuri, ndefu zote zikakwama. Nikaongeza kumbukumbu, nikahamisha kazi kwenye mashine nyingine, wapi! Mwishowe nikapiga strace -p, amri inayoonyesha prosesi inaomba nini kwa mfumo, na namba ya prosesi. Ukatoka mstari mmoja, write(2, na kipande cha ujumbe, basi, haukuendelea. FFmpeg, enkoda yetu, ilikuwa inaandika taarifa zake kwenye paipu, njia ya kupitisha data kati ya programu mbili, ambayo skripti yetu iliifungua lakini haikuisoma. Kwa kawaida paipu ya Linux hubeba baiti 65,536. Ikijaa, anayeandika anasimama mpaka mtu asome. Video fupi zilikuwa zinamaliza kabla paipu haijajaa. Tulielekeza taarifa hizo kwenye faili, kazi zikaenda.

Upande wa kuingiza nao una mtego wake: FFmpeg ikikuta faili la matokeo lipo tayari, huuliza kama ilifute, na kwenye seva hakuna wa kujibu. Weka -nostdin, isingoje jibu la mtu, na -y, ifute faili la zamani bila kuuliza. Ila -y uitumie kwa uangalifu. Msimamizi wa foleni, programu inayogawa vipande kwa mashine, akidhani mashine imekufa, huipa mashine nyingine kipande kilekile, kisha ile ya kwanza inazinduka, na zote mbili zinaandika faili moja. Kila mashine iandike kwa jina lake la muda, ikague urefu wa video, ndipo ibadilishe jina.

Halafu kagua ishara ya uhai ambayo mashine humtumia msimamizi. Kwetu ilikuwa inatumwa na uzi wa pembeni, sehemu ya programu inayokwenda peke yake bila kutegemea enkoda, kwa hiyo iliendelea kusema "nipo" saa nzima huku enkoda imeganda. Ifunge kwenye namba ya fremu: fremu isipoongezeka kwa muda mliokubaliana, ishara isitumwe.