Kwa mzazi wa mtoto mwenye seli mundu: swali lenye jibu na swali lisilo na jibu

Mzazi anayepewa kwa mara ya kwanza majibu ya kipimo cha seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, huuliza maswali mawili kwa pamoja: ugonjwa huu umetokeaje, na kwa nini umempata huyu mwanangu. Mimi na mke wangu tuliyauliza vivyo hivyo. Ninawaandikia wazazi wenzangu kwa sababu naamini kuwa kuyatenganisha maswali hayo mapema kunaweza kuinusuru nyumba.

Swali la kwanza limejibiwa vizuri kuliko ilivyo kwa magonjwa mengi. Mwaka 1949 mwanakemia Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, ya mgonjwa wa seli mundu si sawa na ya mtu mwenye afya, na mwaka 1957 mwanasayansi Vernon Ingram akabainisha kuwa tofauti yenyewe ni asidi amino moja tu, yaani kipande kimoja kinachounda protini, katika mnyororo wenye asidi amino 146. Kwa badiliko hilo dogo, seli nyekundu za damu zikipungukiwa na oksijeni hujikunja, hukakamaa na kuziba mishipa midogo. Ndiyo maana mwanetu alipokuwa mchanga vidole vyake vya mikono na miguu vilivimba hadi ngozi ikang'aa, naye akawa analia kila tulipomgusa. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba aliyerithi kinasaba chenye badiliko hilo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria, na hiyo ndiyo sababu kimedumu kwa wingi katika maeneo yetu.

Nilipoelezwa hayo nilistaajabu, na hadi leo nastaajabu. Hata hivyo, tazama elimu hiyo inapokomea. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, yaani kila mmoja amerithi kinasaba hicho kwa mzazi mmoja tu na haugui, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mgonjwa. Daktari anaweza kukwambia hivyo kabla mimba haijatungwa, na akawa sahihi kabisa. Lakini hawezi kukwambia kwa nini kaka mtu alisalimika na mdogo wake akapatwa, ilhali baba ni mmoja na mama ni mmoja. Hakuna hadubini itakayolionyesha hilo.

Hapo ndipo penye hatari, kwa maana mtu mwenye uchungu hutaka jibu lolote, na watu wa kumpa hawakosekani. Ndugu watauliza ugonjwa umetoka ukoo gani. Mwingine atakunong'oneza kwamba kuna mkono wa mtu, akuelekeze kwa mganga. Yupo pia atakayesema, kwa nia njema kabisa, kwamba mnaadhibiwa kwa dhambi fulani. Kwetu lililouma zaidi ni hilo la ukoo, kwani lawama ilimwelekea mke wangu, ingawa mtoto haugui seli mundu pasipo kurithi pande zote mbili. Nakushauri uwaite wazee wa pande zote, uwaeleze kwa utulivu namna ugonjwa unavyorithiwa, na wakifika kwenye "kwa nini huyu", uwajibu kwamba hilo hulijui wala hakuna mwanadamu alijuaye. Mimi ni mtu wa sala, na swali hilo nimelipeleka huko. Sijaruhusu mtu yeyote anilipishe fedha kwa jibu lake.

Maisha yetu yamepata maana katika kuyatenda yale tunayoyajua: maji ya kutosha kutwa nzima, sweta asubuhi za baridi, chandarua kila usiku, dawa ya haidroksiurea kama daktari alivyoagiza, na kliniki siku iliyopangwa hata mtoto akiwa anacheza vizuri. Humo nimemjua mwanangu kwa ukaribu ambao sikuutarajia.

Naye akikua atakuuliza. Wetu aliuliza usiku mmoja wa maumivu, nikiwa nimemshika mguu: "Baba, kwa nini mimi na si kaka?" Nilimwambia kwamba hajakosa lolote, na kwamba sijui. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama kaka yake naye amebeba kinasaba hicho. Tulimpeleka kaka huyo kupimwa, ikaonekana ni mbebaji, na sasa kaka anajua kwamba siku ya kuchumbia ikifika, mwenzake naye apimwe kabla ya ndoa.