Kabla ya Sadaka, Kuna Deni la Mtu

Kanisani tunazungumza sana kuhusu pesa tunazotoa, na kidogo mno kuhusu pesa za watu tulizokaa nazo. Mimi nauza nafaka soko la Kongowea hapa Mombasa, na kanisani ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama, kwa hiyo wiki nzima napita na pesa mkononi, zangu na za wenzangu. Kwa miaka hii yote nimeamini jambo moja: Mungu huanza kwa kuulizia ile pesa isiyo yako. Ujira wa kibarua, deni la dukani, kipimo cha mteja. Sadaka inakuja nyuma ya hayo.

Soma habari za Zakayo katika Luka 19. Alikuwa mkubwa wa watoza ushuru, tajiri. Hakumwahidi Yesu kujenga sinagogi. Alisema nusu ya mali yake atawapa maskini, na kama amemnyang'anya mtu kitu kwa hila atamrudishia mara nne. Ndipo Yesu akasema wokovu umefika nyumba ile. Na katika Mathayo 5 anatuambia ukifika madhabahuni na sadaka yako, ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, uiache pale pale uende mkapatane kwanza. Kwa niliyoyaona mimi kikundini, mara nyingi neno hilo ni pesa.

Sisi wa nafaka tunapimwa na gorogoro, ule mkebe wa kupimia. Mgeni akipita sokoni ataona mikebe tu imepangwa juu ya magunia ya maharagwe, pojo na kunde, lakini mama anayejua soko haamini macho. Anauchukua mkebe, anaugeuza, anapapasa chini kwa vidole. Mkebe uliogongwa kwa nyundo, kitako kinapanda ndani, na kila kipimo kinapungua konzi moja au mbili za maharagwe. Kuna na wa kubanwa ubavuni, ambao kutoka mbele huwezi kuutambua. Muuzaji anaujaza hadi unafanya kichuguu, mteja anafurahia kichuguu, kumbe amepunjwa kule chini. Anayepunjwa ni yule anayenunua gorogoro moja ya kulisha watoto, maana wa hoteli ananunua gunia na analipima kwa mizani. Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Nimewaambia wasichana wanaonisaidia kibandani kwamba mkebe ukianguka ukabonyea, hautumiki tena kupimia. Unatiwa maji ya kunawa mikono. Nao wanajua sitanii.

Halafu kuna mahamali. Lori la vitunguu au maharagwe likiingia alfajiri, wao ndio wanaoshusha, gunia mgongoni, mpaka jua linakuwa kali. Jioni utamsikia tajiri akimwambia mmoja wao, "Ndugu yangu, leo biashara ilikuwa mbaya, nione kesho." Anayesema hivyo ana chakula nyumbani. Hamali anakaa Likoni. Feri anavuka bure kwa miguu, lakini kabla ya feri kuna matatu, baada ya feri kuna matatu nyingine, na kabla ya kufika mlangoni kuna unga wa kununua na mafuta ya kupima. Usipomlipa leo, atakopa kwenye simu au atachukua kwa mwenye duka, kwa hiyo lile "nione kesho" lako analilipia yeye. Kumbukumbu la Torati 24:15 inaamuru kibarua apewe ujira wake siku hiyo hiyo, jua lisichwe juu yake, kwa kuwa ni maskini na moyo wake unautumainia. Yakobo naye anasema ujira uliozuiwa unapiga kelele, na vilio vimefika masikioni mwa Bwana. Hii ni amri, na inamhusu mwenye kibanda kama inavyomhusu mwenye kampuni. Hata dada wa nyumbani anayefua nguo zetu tunapokwenda ibadani yumo.

Kutoka sokoni hadi Kengeleni, mahali penye kengele ya zamani, si mbali. Kengele ile ni ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1875 na wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Baadhi ya Wakristo wa kwanza wa pwani hii walikuwa watu waliowahi kutiwa bei na kufanyishwa kazi bila ujira. Kwa hiyo Mkristo wa Mombasa anayemzungusha kibarua wiki mbili kwa pesa aliyokwisha kuitolea jasho, nashindwa kumwelewa kabisa.

Sasa mikopo. Mithali 22:7 inasema akopaye ni mtumwa wake akopeshaye, na siku hizi tunakopa tukiwa tumelala kitandani, kwa kubonyeza. Fanya hesabu hii. Umechukua shilingi 1000, mwisho wa mwezi unarudisha 1080. Inaonekana ndogo. Ukiichukua na kuirudisha hivyo kila mwezi kwa mwaka, umelipa shilingi 960 za nyongeza juu ya elfu moja ile ile. Hustler Fund, mfuko wa serikali wa kukopesha kwa simu, ilipoanza Novemba 2022 ilitoza asilimia 8 kwa mwaka. Mikopo mingine ya simu inatoza kiasi kama hicho kwa mwezi. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza, uliza ni asilimia ngapi na ni kwa muda gani. Sisemi kukopa ni dhambi. Mtaji wa kununua gunia litakalouzwa wiki hii ni jambo moja, na nguo ya harusi ya binamu ni jambo lingine.

Majirani zetu Waislamu huzungumza habari za riba waziwazi, na Wakristo wengi wanadhani hilo ni la dini yao peke yao. Fungua Kutoka 22:25: ukimkopesha maskini aliye pamoja nawe, usimtoze riba. Kikundini kwetu tumelifanyia kazi andiko hilo. Mama akifiwa au mtoto akilazwa, anachopewa hakina nyongeza hata senti. Anayetaka kuongeza mtaji ndiye anayeandikiana na kikundi na kulipa kidogo juu, naye anajua kiasi kabla ya kutia sahihi.

Udhamini wa SACCO, yaani chama cha akiba na mikopo, unataka moyo mgumu kidogo. Ukimdhamini mwenzako, akiba yako inafungwa mpaka amalize mkopo, na akishindwa unakatwa wewe. Mithali 6 inamwambia aliyejifunga kwa udhamini aende akajiokoe kama paa mkononi mwa mwindaji. Nimedhamini na bado nadhamini, ila kwa kanuni: nadhamini kiasi ambacho nikikatwa chote sitamchukia mtu huyo, na mume wangu anakijua kabla sijatia sahihi. Anayekuambia "si sisi ni wa kanisa moja?" ili usiulize maswali, ndiye hasa wa kuulizwa maswali.

Utajiri wenyewe sina ugomvi nao. Lidia wa Matendo 16 alikuwa mfanyabiashara wa vitu vya rangi ya zambarau, ana nyumba ya kutosha kuwakaribisha Paulo na wenzake, na hakuna mahali anapoambiwa auze biashara. Paulo anamwagiza Timotheo awaambie matajiri wasijivune, wawe tayari kutoa mali zao. Anayelaumiwa ni yule anayependa fedha, na huyo anaweza kuwa na elfu kumi au milioni kumi.

Linaloniuma zaidi ni hili la wahubiri la "panda mbegu", yaani toa pesa ili upate zaidi. Nimeona mama ametuma kwa paybili, ile namba ya kulipia kwa simu, pesa ya karo ya mtoto kwa sababu ameahidiwa kwamba itarudi mara mia. Mtoto akabaki nyumbani. Katika Marko 7 Yesu aliwakemea waliosema mali yao ni Korbani, imetolewa kwa Mungu, ili wasiwasaidie baba na mama. Na yule mjane wa senti mbili anayetajwa kila tunapochangishwa, yuko Marko 12:42. Rudi mstari wa 40 uone Yesu amewasema nini walimu wa dini: wanakula nyumba za wajane. Mchungaji anayesoma ule wa 42 kila Jumapili na kuuruka wa 40, mwombe kwa heshima ausome wote. Fungu la kumi natoa, na kwa furaha. Lakini karo ni deni kwa mtoto, kodi ni deni kwa mwenye nyumba, na hakuna mtumishi wa Mungu aliyepewa ruhusa ya kuzipokea.

Kama unataka kuanza, chukua daftari Jumamosi jioni, baada ya kufunga hesabu. Andika jina la kila anayekudai: fundi wa mlango, mama wa duka, dada yako aliyekuazima wakati wa msiba, kibarua wa wiki jana. Mbele ya jina andika kiasi. Walipe wadogo kwanza, wale ambao shilingi mia tatu kwao ni chakula cha leo. Waliobaki wapigie simu hata kama huna kitu cha kuwapa kwa sasa. Wengi wanaumizwa zaidi na kukwepwa kuliko na deni lenyewe. Mwambie kila mmoja utampa kiasi gani na tarehe gani, uiandike tarehe hiyo daftarini, na ikifika usisubiri akupigie.